Kuwa kwenye msafara si kuwa chamani

Uganda kuna imani ya miaka mingi: ukimwona mwandishi kila siku kwenye msafara wa mgombea, basi huyo ni mtu wa chama. Sivyo. Mhariri ndiye anayempangia nani wa kumfuata, na mara nyingi anabaki naye kampeni nzima.

Upendeleo upo, sikatai. Ila chanzo chake kikubwa hakiko moyoni mwa mwandishi. Anza na umiliki. Gazeti la New Vision liko chini ya kampuni ambayo serikali ina hisa nyingi, shirika la utangazaji la UBC ni la umma, na redio kadhaa za mikoani ni mali ya wanasiasa. Katiba ya 1995, ibara ya 67, inataka wagombea urais wapewe muda na nafasi sawa katika vyombo vya habari vya serikali. Redio ya mheshimiwa haiguswi na ibara hiyo. Kuelekea uchaguzi wa Januari 2021, Bobi Wine, mgombea urais wa upinzani, alizuiwa kuingia kwenye baadhi ya vituo vya redio. Mtangazaji hakuwa na kauli hapo.

Halafu kuna usafiri, jambo dogo lisilosemwa sana. Mwandishi wa kujitegemea hulipwa kwa habari moja moja, na malipo hayatoshi hata mafuta ya boda. Akipewa kiti kwenye gari la mgombea, anapanda. Kesho yake kumkosoa mwenye gari kunakuwa kugumu, hata kama kura yake anampigia mwingine.