Ile "mara nne" ya leza ya thuliamu

"Thuliamu ina nguvu mara nne ya holmiamu." Nimeisikia tena kauli hii kuhusu leza mbili za kuvunja mawe ya figo na njia ya mkojo, safari hii kwa mgonjwa anayechangisha ndugu ili akatibiwe India, wakati hospitali ya mkoani kwake ina holmiamu.

Leza ya mawe ni mwanga unaopita kwenye uzi mwembamba wa kioo. Daktari huuingiza pamoja na kamera kupitia njia ya mkojo hadi kwenye ureta (mrija unaotoa mkojo kwenye figo kwenda kibofu) au figo, na jiwe huvunjwa hukohuko bila kuchana. Mashine inayopiga jiwe kutokea nje hutumia mawimbi ya mshtuko. Hiyo si leza kabisa.

Sasa hiyo mara nne. Mwanga wa holmiamu una urefu wa wimbi wa nanomita 2,100 hivi. Ule wa leza ya nyuzi ya thuliamu ni 1,940, karibu sana na pale maji yanapofyonza mwanga kwa wingi. Maji huufyonza takriban mara nne zaidi ya ule wa holmiamu. Hesabu inaishia hapo: ni maji na mwanga. Haisemi utapona mara nne, wala upasuaji utakwisha kwa robo ya muda.

Faida zipo, tena za kweli. Thuliamu husaga jiwe kuwa vumbi laini. Uzi wake unaweza kuwa wa mikromita 150 tu, hivyo kamera hupinda vizuri kufikia jiwe lililojificha sehemu ya chini ndani ya figo. Katika utafiti wa Norway uliochapishwa 2022, waliobaki bila mawe walikuwa asilimia 92 kwa thuliamu na 67 kwa holmiamu. Lakini tofauti hiyo ilitoka kwenye mawe ya figo. Kwa mawe ya ureta, leza zote mbili zilimaliza kazi. Na holmiamu yenyewe ilikuwa ya nguvu ndogo. Holmiamu za kisasa, zinazopanga upya mapigo ya mwanga, zimeikaribia sana thuliamu.

Kwa hiyo ndugu yangu mwenye jiwe kwenye ureta, muulize kwanza daktari wako jiwe liko wapi, lina ukubwa gani, na leza ipi ameizoea. Ureta ikiziba, figo huendelea kuumia wakati michango inakusanywa.