Faranga 7,000 za Zurich na yuro 4,000 za Berlin

Kazi yangu ni kuandaa ulinganisho wa mishahara kwa waajiri wanaohamisha wafanyakazi kati ya Ujerumani na Uswisi, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: ikiwa Berlin ninalipwa yuro 4,000 kwa mwezi na Zurich nimeahidiwa faranga 7,000, je, nitakuwa nimepiga hatua? Wengi wanaouliza hudhani kwamba jibu linapatikana kwa kubadilisha sarafu na kisha kupunguza kidogo kwa sababu ya ughali wa Uswisi. Mimi huanza na maswali mawili yasiyogusa sarafu hata kidogo: una watoto wangapi, na hicho utakachobakiza utakitumia wapi. Baina ya nchi hizi mbili tajiri zinazopakana, majibu ya maswali hayo hubadili matokeo kuliko kiwango chochote cha ubadilishaji wa fedha.

Kwanza tuhakikishe kwamba tunalinganisha watu wa ngazi moja. Kwa mujibu wa Ofisi ya Takwimu ya Shirikisho ya Uswisi, mshahara ghafi (kabla ya makato) wa kati kwa kazi ya muda wote ulikuwa faranga 6,788 kwa mwezi mwaka 2022, maana yake nusu ya wafanyakazi walipata zaidi ya hapo na nusu walipata pungufu. Faranga 7,000, kwa hiyo, si mshahara wa kigogo. Ni mshahara wa mtu wa katikati, kama ambavyo yuro 4,000 kwa upande wa Ujerumani haziko mbali na katikati.

Sasa tufungue hati mbili za mshahara za mtu yule yule, mwenye umri wa miaka 35, asiye na mwenza wala mtoto, kwa viwango vya mwaka 2025. Hati ya Berlin inakata 9.3% kwa ajili ya pensheni, 1.3% kwa bima ya ukosefu wa ajira, 7.3% kwa bima ya afya pamoja na nusu ya mchango wa ziada wa mfuko wa bima hiyo, ambao kwa wastani uliwekwa 2.5%, halafu 2.4% kwa bima ya matunzo ya wagonjwa na wazee, ambayo asiye na mtoto huilipa kwa kiwango cha juu. Jumla ni 21.55%, yaani yuro 862. Kodi ya mapato inachukua nyingine kama 500. Mkononi zinabaki yuro 2,600 na ushei, na mtu huyu hana tena bili ya bima ya afya ya kuisubiri nyumbani.

Hati ya Zurich ni fupi zaidi, na ufupi huo ndio unaowadanganya watu. Kuna 5.3% kwa pensheni ya taifa na bima ya ulemavu, 1.1% kwa bima ya ukosefu wa ajira, na mchango wa mfuko wa pensheni wa kazini. Huu wa mwisho hukokotolewa kwa namna ya pekee: sheria huondoa kwanza faranga 26,460 kutoka katika mshahara wa mwaka, kisha kwa mtu wa umri huo hutoza angalau 10% ya kinachobaki, na mwajiri hana budi kubeba nusu au zaidi. Kwa mfano wetu, sehemu ya mfanyakazi ni kama faranga 240 kwa mwezi. Ukiongeza bima ya ajali zinazotokea nje ya kazi, mtu anabaki na takriban faranga 6,250. Akiwa mgeni ambaye bado hajapata kibali cha ukaazi wa kudumu, mwajiri humkata pia kodi ya zuio, ambayo kwa mshahara huu jijini Zurich hula kama sehemu moja ya kumi ya mshahara ghafi au pungufu kidogo.

Bima ya afya haimo katika hati hiyo. Tangu sheria ya mwaka 1996, kila mkazi wa Uswisi analazimika kujikatia bima mwenyewe katika kampuni anayoichagua, na ada haitazami kipato chake. Meneja wa benki na mfagiaji wa benki hiyo hiyo, wakiwa na umri mmoja, katika eneo moja na kwa mkataba wa aina moja, hulipa sawasawa, isipokuwa mwenye kipato kidogo anaweza kuiomba kantoni yake, yaani jimbo lake, ruzuku. Wastani wa ada ya mtu mzima kwa mwaka 2025 ulikuwa faranga 449.20 kwa mwezi. Juu ya hiyo kuna kiasi ambacho mgonjwa hujilipia mwenyewe kila mwaka kabla ya bima kuanza kufanya kazi, kati ya faranga 300 na 2,500 kulingana na mkataba aliouchagua. Baada ya kodi na ada hiyo, mtu wetu wa Zurich anabaki na kama faranga 5,100 za kuishi.

Hapo ndipo zinapoteleza zile jedwali za kodi ambazo magazeti hupenda kuzichapisha. OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi tajiri, hukokotoa kila mwaka sehemu ya gharama ya mfanyakazi inayokwenda kwenye kodi na michango ya lazima, na kwa mwaka 2024 Ujerumani ilikuwa na karibu 48%, ya pili nyuma ya Ubelgiji, wakati Uswisi ilikuwa na karibu 23%. Takwimu hizo ni sahihi kwa jinsi zilivyofafanuliwa. Lakini ada ya bima ya afya ya Uswisi na mchango wa mfuko wa pensheni wa kazini haviingizwi humo, kwa kuwa hulipwa kwa taasisi zisizo za serikali, ilhali hakuna mkazi anayeweza kuikwepa bima hiyo wala mwajiriwa wa mshahara kama huu anayeweza kuukwepa mfuko. Kwa mfuko wa mlipaji, lazima ni lazima, iwe risiti imetolewa na nani.

Baada ya makato tuingie dukani. Kwa takwimu za mwaka 2023 za Eurostat, ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya, ukichukua wastani wa bei za matumizi ya kaya katika Umoja wa Ulaya kuwa 100, Uswisi ilikuwa 174 na Ujerumani karibu 109. Bei za Uswisi, basi, zilizidi za Ujerumani kwa takriban asilimia 60. Faranga moja huzidi yuro moja kidogo, hivyo faranga 5,100 ni kama yuro 5,400, zaidi ya mara mbili ya zile za Berlin. Ukizigawanya kwa 1.6 unapata uwezo wa kununua unaokaribia yuro 3,400 za Ujerumani. Faida iliyoonekana kuwa mara mbili imeshuka hadi kiasi cha robo. Si haba, ila si utajiri uliokuwa ukihadithiwa.

Kwa nini bei ziwe hivyo? Sababu ya kwanza ilielezwa mwaka 1964 na wanauchumi Béla Balassa na Paul Samuelson, kila mmoja kwa njia yake. Kinyozi wa Zurich hanyoi vichwa vingi zaidi kwa saa kuliko kinyozi wa Leipzig, mji wa Ujerumani. Hata hivyo anaishi katika nchi ambayo viwanda vya dawa vya Basel, watengenezaji wa saa na mabenki vinazalisha thamani kubwa kwa kila saa ya kazi na vinalipa ipasavyo. Kama mwenye saluni hatalipa mshahara unaofanana na wa huko, hatapata mfanyakazi. Kwa hiyo bei ya kunyolewa hupanda pamoja na mishahara ya watu wasiomfahamu kinyozi huyo. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya ughali wa Uswisi ni mishahara ya Uswisi yenyewe, ikitazamwa kutoka upande wa mnunuzi. Sababu ya pili ni ya kisiasa: kilimo kinalindwa kwa ushuru wa forodha na viwango maalumu vya uagizaji, na ndiyo maana nyama huuzwa kwa zaidi ya mara mbili ya wastani wa Umoja wa Ulaya.

Anayetaka kuyaona haya kwa macho aende Konstanz siku ya Jumamosi. Mji huo wa Ujerumani umeshikana na Kreuzlingen ya Uswisi kiasi kwamba mtu huvuka mpaka kwa miguu. Wanunuzi kutoka Uswisi hujaza mikokoteni ya jibini, sabuni na nepi, kisha huomba dukani fomu ya mauzo ya nje, na kwenye kituo cha forodha hupanga foleni ili ipigwe muhuri. Kwa muhuri huo hurudishiwa kodi ya ongezeko la thamani ya Ujerumani, ambayo ni 19% kwa bidhaa nyingi na 7% kwa vyakula vingi, mradi manunuzi yamezidi yuro 50. Serikali ya Uswisi haikufurahia, na tangu tarehe 1 Januari 2025 imeshusha thamani ya bidhaa ambazo mtu anaruhusiwa kuingiza kwa siku bila kulipa kodi yake kutoka faranga 300 hadi 150. Nyama ina kikomo chake: kilo moja kwa kila mtu. Desturi hii ilipata nguvu sana tarehe 15 Januari 2015, pale Benki Kuu ya Uswisi ilipoacha ghafla kuizuia faranga isipande zaidi ya kiwango cha faranga 1.20 kwa yuro. Siku hiyo hiyo sarafu hizo mbili zilikaribia kulingana, na kila mshahara wa Uswisi ukawa mkubwa zaidi ng'ambo ya mpaka bila mwajiri kuongeza hata senti.

Wapo waliokwenda mbali zaidi ya mkokoteni. Uswisi ina wafanyakazi wa kuvuka mpaka wapatao 400,000, zaidi ya nusu yao wakitokea Ufaransa na zaidi ya 60,000 wakitokea Ujerumani. Anayelala Lörrach, mji wa Ujerumani ulio mpakani, na kufanya kazi Basel ya Uswisi hukatwa Uswisi 4.5% tu ya mshahara kama kodi ya zuio, kisha hulipa kodi kamili nyumbani Ujerumani, ambako ile 4.5% hutambuliwa kuwa imekwisha lipwa. Anapata mshahara wa upande mmoja na bei za upande mwingine, jambo ambalo wenye nyumba wa miji ya mpakani wamelitambua zamani na kulitoza katika kodi ya pango.

Sasa nirudi kwenye swali la watoto, kwa kuwa hapo ndipo hesabu inapopinduka. Berlin iliondoa ada ya vituo vya kulelea watoto wa umri wote mwezi Agosti 2018. Mzazi huchangia yuro 23 kwa mwezi kwa ajili ya chakula. Zurich, kwa familia isiyostahili ruzuku, siku moja ya kituo hugharimu kwa kawaida faranga 120 hadi 140. Kwa siku 21 za mwezi, mtoto mmoja anameza zaidi ya faranga 2,500. Isitoshe, Ujerumani mtoto huingia katika bima ya afya ya mzazi bila malipo, wakati Uswisi kila mtoto ana ada yake, kwa wastani zaidi ya faranga 100 kwa mwezi. Posho ya mtoto mwaka 2025 ilikuwa yuro 255 Ujerumani, na Uswisi kima cha chini cha kisheria kilikuwa faranga 215. Kwa wazazi wawili wenye watoto wawili wadogo na mishahara ya katikati, sijawahi kuandaa jedwali lililoipa Zurich ushindi mpaka watoto wafikie umri wa shule, isipokuwa mzazi mmoja aache kazi au apunguze siku, na ndivyo akina mama wengi wa Uswisi wanavyofanya. Mshahara unaopotea kwa njia hiyo hauonekani katika takwimu za bei.

Saa za kazi nitazigusa tu. Wiki ya saa 42 ni ya kawaida Uswisi, wakati mikataba mingi ya Ujerumani iko kati ya 35 na 40, na likizo ya siku 30 ambayo Mjerumani huiona kuwa haki yake ni zaidi ya wiki nne ambazo sheria ya Uswisi inalazimisha. Mshahara wa mwezi unapaswa kugawanywa kwa saa kabla ya kushangiliwa.

Lile swali la pili, la mahali ambapo akiba itatumika, linawahusu zaidi wasomaji wangu wanaotuma fedha Mombasa, Mwanza au Bukavu. Vigawanyo vya bei nilivyotumia hapo juu vina maana kwa fedha inayotumika Zurich peke yake. Faranga iliyobakizwa na kutumwa nje haikutani kamwe na kinyozi wa Zurich. Inasafiri na thamani yake yote ya soko la fedha. Mtu mmoja anayekubali kuishi kwa kubana, katika chumba cha kushirikiana, na kubakiza faranga 1,500 kwa mwezi, ametuma nyumbani zaidi ya mara mbili ya mwenzake wa Berlin anayebakiza yuro 700, hata kama wote wawili wanakula na kulala kwa hali ile ile. Kwa mtu huyo ile faida ya robo haihusiki. Faida yake ni kubwa zaidi, na ndiyo maana nampa ushauri tofauti kabisa na ule ninaompa mwenye familia iliyohamia naye.

Pensheni nayo ihesabiwe kwa anayepanga kurudi. Raia wa nchi isiyo na mkataba wa hifadhi ya jamii na Uswisi, akiondoka moja kwa moja, anaweza kudai michango ya pensheni ya taifa, yake pamoja na ya mwajiri, ikiwa amechangia angalau mwaka mmoja, na fedha za mfuko wa kazini huzitoa taslimu akihamia nje ya Ulaya. Ujerumani humrejeshea raia wa nchi ya namna hiyo sehemu yake tu, bila ya mwajiri, tena baada ya kusubiri miezi 24 tangu aache kuchangia. Kwa miaka kumi ya kazi, tofauti hiyo si ndogo.

Lakini milango ya nchi hizi haifunguki sawa. Ujerumani imekuwa ikitafuta watu: tarehe 13 Septemba 2024 ilitia saini na Kenya mkataba wa uhamiaji na ajira, na tangu Juni mwaka huo imekuwa ikitoa kadi ya kuingia kutafuta kazi kwa mfumo wa alama. Uswisi hutenga vibali 8,500 kwa mwaka kwa wafanyakazi wa kutoka nje ya Ulaya, na mwajiri anayemtaka Mkenya au Mtanzania hana budi kuthibitisha kwanza kwamba hakumpata mtu anayefaa Uswisi wala katika Umoja wa Ulaya. Kwa wengi wanaoniandikia, ofa ya Zurich bado haipo mezani, na jedwali wanalolihitaji ni la Berlin dhidi ya Leipzig, ambako tofauti kubwa iko kwenye kodi ya pango.