Hapana, mapadri hawakuwajengea kijiji

Jamani, hii ya "mapadri waliwakuta wanatangatanga porini wakawajengea kijiji" tuiache basi. Kila anayetoka kutembelea Mission San Luis, kijiji cha misheni ya Wahispania kilichojengwa upya pale Tallahassee, Florida, Marekani, ananiletea hiyohiyo.

Hao wanaosemwa ni Waapalachee, wenyeji wa asili wa hapo, na walikuwa wakulima wa mahindi, wana miji na machifu wao. Mhispania De Soto na jeshi lake waliingia Anhaica, mji wao mkuu, 1539, wakala akiba ya wenyewe msimu mzima wa baridi. Wafransisko, yaani watawa Wakatoliki, walikuja kuweka misheni 1633, na machifu ndio waliokuwa wanawaomba. 1656 Waapalachee wa San Luis wakahamia kilima cha sasa kwa matakwa ya Wahispania. Haya, tusonge.

Kinachonikera ni watu kukimbilia kanisani kupiga selfi halafu jumba la baraza la Waapalachee wanalipita tu, wakati lile jumba ni la duara, kipenyo kama mita 36, linaingiza watu 2,000 na zaidi, limeezekwa makuti, juu katikati limeachwa wazi moshi utoke, na kanisa la ng'ambo ya uwanja lina kama nusu ya sakafu hiyo. Sasa hapo mgeni ni nani?

Na usiniambie "ya kuigiza hayo". Ndiyo, yamejengwa upya, ila kwa kufuata madoa. Nguzo ikiozea ardhini inaacha duara jeusi kwenye udongo mwekundu, unakwangua na mwiko taratibu linatokea, unatafuta la pili, la tatu, mpaka ukuta unajichora wenyewe.

Chini ya sakafu ya kanisa kuna makaburi mamia, watu wamelazwa Kikristo, wengine na shanga, na umepatikana msalaba wa kwatzi, jiwe linalong'aa kama kioo. Vitabu vinaandika "imani", nukta. Mimi nasita, maana shanga zilikuwa cheo pia, na ardhi haikwambii marehemu alivaa kwa lipi. Tena 1676 Padri Juan de Paiva aliandika waraka mrefu kuulaani mchezo wao wa mpira wenye mambo ya mvua na radi. Angeandika ya nini kama wabatizwa walishaacha?

Mahindi ya kupeleka St. Augustine, mji mkuu wa Wahispania huko Florida, Waapalachee waliyabeba mgongoni, hilo nalo wageni hawaliulizi. Julai 1704, Waingereza na Wacreek, wenyeji wengine walioshirikiana nao, wakiwa njiani kuja kushambulia, Waapalachee na Wahispania walikichoma kijiji wenyewe, wakatawanyika. Wajukuu wa Waapalachee wapo Louisiana mpaka leo, kwa hiyo ukifika usiulize walitoweka lini.