Je, wajua kwa nini nanasi bichi huiharibu tati?

Idd moja niliamua kuwapumzisha wageni na kaimati. Nikaoka tati: ganda la unga, siagi na sukari, ndani yake krimu ya maziwa ya kugandishwa kwa jelatini, na katikati vipande vya nanasi la Kiwangwa lililoiva hadi linanukia nyumba nzima. Ikalala kwenye friji. Asubuhi wifi yangu akaikata, kisu kikapita kama kwenye uji, na ganda lilikuwa limelowa chepechepe. Akaonja, akakunja uso. "Wifi, hii supu mbona chungu?"

Jelatini nilipima vizuri na friji ilikuwa nzima. Mharibifu alikuwa nanasi. Na nikisema nanasi bichi simaanishi ambalo halijaiva. Namaanisha ambalo halijapita motoni.

Tuanzie kwenye makongoro. Ukiyachemsha saa kadhaa kisha supu ikalala mahali pa baridi, asubuhi unaikuta imeganda, ukitikisa sufuria inatetemeka. Hiyo ndiyo jelatini. Ngozi, kano na mifupa ya mnyama hushikiliwa na protini iitwayo kolajeni, na moto wa muda mrefu huifumua ikawa nyuzi ndefu zinazoelea kwenye maji. Zikipoa, nyuzi hizo hujisokota na kushikana hapa na pale mpaka zinakuwa wavu, maji yakanaswa ndani. Jelatini ya paketi ni hiyohiyo, imesafishwa na kukaushwa tu.

Sasa hamia kwa mchoma mishkaki. Nyama ikiwa ngumu anaipaka papai bichi lililosagwa, na akiizidishia au akiisahau muda mrefu, inakuwa rojorojo. Utomvu mweupe wa papai changa una papaini, kimeng'enya ambacho kazi yake ni kukatakata protini. Ni kitu cha biashara hasa: kule Beni, Kivu ya Kaskazini, wakulima huchanja mapapai yakiwa bado mtini, hukinga utomvu, huukausha na kuuuza, ukaishia kwenye viwanda vinavyoutumia kulainisha nyama na hata kuifanya bia ibaki angavu ikipoa.

Nanasi nalo lina mkasi wake, bromelini, uliomo kwenye tunda na kwenye shina. Ukila nanasi jingi ulimi ukawasha, bromelini imehusika, ikisaidiwa na chembe ndogo zenye ncha kama sindano zilizomo kwenye tunda hilo. Sasa weka vipande vyake ndani ya krimu yenye jelatini. Kila uzi unaojaribu kushikana na mwenzake unakatwa. Vikibaki vipande vifupi mno, wavu haufungiki, hata friji ikaze baridi kiasi gani. Ndiyo nyama ya mishkaki ile ile, safari hii imevaa sukari.

Na uchungu je? Huo ulitoka kwenye maziwa. Protini yake kuu, kaseini, nayo ilikatwa, na baadhi ya vipande vyake vina ladha chungu. Wanaosaga juisi ya nanasi na maziwa wanaujua mchezo huu: inywe hapo hapo, ukiiacha inaharibika ladha.

Dawa ni moto. Kimeng'enya chenyewe ni protini iliyokunjwa kwa umbo maalumu, na joto likipita nyuzi 70 au 80 hivi umbo hilo linafumuka, mkasi ukawa butu. Kwa hiyo nanasi likate vipande vidogo, liweke kwenye sufuria na sukari kidogo, lichemke dakika tano au zaidi mpaka kila kipande kimeiva hadi kiini. Faida ya pili ni kwamba maji mengi yatakauka, na ganda lako halitalowa. Nanasi la kopo halina taabu kwa sababu lilishapikwa kiwandani. La kugandishwa kwenye friza bado ni hatari: baridi huilaza bromelini tu, ikipata vuguvugu inaamka. Ndiyo maana hata kuitegemea oveni peke yake si busara, kwa kuwa kabla tati haijapata moto wa kutosha hupitia kwanza lile vuguvugu ambalo bromelini inalipenda kuliko yote.

Papai, kiwi, tini mbichi na hata tangawizi mbichi zina tabia hiyo. Pesheni haina, ndiyo maana naiona kuwa tunda la tati kuliko yote ya kwetu. (Kenya ukisema "matunda" sokoni unaweza kupewa pesheni, Tanzania wapo wanaoiita karakara, Kongo ni marakuja.) Ukali wake unavunja utamu wa ganda, na juisi yake ukiipika taratibu na mayai, sukari na siagi, inakuwa nzito yenyewe bila jelatini yoyote.

Iko njia nyingine, na wapishi wa pwani wanaoogopa jelatini isije ikawa ya nguruwe wanaijua tangu zamani: chaina grasi, yaani agar-agar, inayogandisha faluda. Hii hutokana na mwani mwekundu, na nyuzi zake ni za jamii ya sukari wala si protini, kwa hiyo mkasi wa nanasi haupati cha kukata. (Mwani unaolimwa Paje na Jambiani ni ndugu yake tu, huo hutoa karajini, kigandishi kingine.) Chaina grasi ikishaganda haiyeyuki mpaka ikaribie nyuzi 85, kwa hiyo joto la mchana wa Dar es Salaam haliitishi, wakati jelatini huanza kulegea ukishaitoa kwenye friji. Ichemshe kwanza kwenye maji au maziwa, juisi kali iongeze mwishoni, maana ukali ukichemka nayo huidhoofisha. Upungufu wake ni mdomoni: jelatini huyeyuka kwa joto la ulimi, chaina grasi hukatika kwa meno.

Nanasi lililopikwa, nakiri, hupoteza ile harufu inayojaza nyumba. Siku hizi la ndani ya krimu nalipika, na vipande vichache vibichi naviweka kando kwenye bakuli. Vinapangwa juu ya tati wageni wakiwa wameshanawa mikono.