Hiyo nailoni ya kiwandani ndiyo inayokula siti zako

Kuna sentensi ambayo kila fundi wa siti hapa Kigoma anaijua kwa moyo: "Fundi, fanya kazi yako, ila nailoni usiitoe." Gari lenyewe lina mwaka wa tatu barabarani. Limepanda Kasulu na Kibondo mpaka dereva kachoka kuhesabu, limebeba mawese, dagaa, chumvi ya Uvinza, saruji na wagonjwa. Na siti bado zimevaa nailoni ileile iliyotoka nayo kiwandani, sasa imechanika ubavuni na imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Tajiri anaamini analinda mali. Wiki hii nimeisikia tena hiyo sentensi, basi naiandikia jibu moja la wote.

Nenda mlango wa dereva. Shika nailoni pale kwenye tuta la ubavu wa siti, sehemu ambayo paja linasugua kila mtu anapopanda na kushuka, uifunue taratibu. Kwanza utaona mstari wa vumbi jekundu ulioshikana kama udongo wa kukandikia nyumba. Futa huo. Chini yake kitambaa kimetoka manyoya, nyuzi zimekatika mojamoja, pengine sponji inachungulia. Sogea katikati, pale makalio yanapokaa: madoa madogo meusi ya ukungu. Bonyeza sponji kwa kiganja, ukaze, halafu unuse kiganja. Ni harufu ya nguo iliyolala kwenye beseni siku mbili. Hiyo ndiyo siti iliyolindwa.

Nailoni ile ni ya safari. Imewekwa ili mafundi wa kiwandani, wapakiaji wa bandarini na watu wa yadi wasichafue siti kabla gari halijafika kwa mnunuzi. Gari likishakabidhiwa, kazi yake imekwisha. Haipitishi mvuke, kwa hiyo jasho la dereva anayekaa saa saba juu yake linabaki mahali pamoja na sponji haipati nafasi ya kukauka. Msimu wa mvua, kuanzia Oktoba au Novemba mpaka Aprili au Mei, ongeza nguo zilizolowa. Ukungu hauhitaji mwaliko zaidi ya huo.

Lakini unyevu ni nusu tu ya kesi. Nusu nyingine ni vumbi, na hapa ndipo watu hawanielewi. Vumbi letu jekundu limejaa chembe za mchanga ambazo ni ngumu kuliko kioo na kuliko chuma cha kisu cha jikoni. Plastiki ya dashibodi na kitambaa cha siti havina ubavu wa kushindana nazo. Chembe hizo zikikaa wazi juu ya siti, unazikung'uta zinaondoka. Zikiingia chini ya nailoni kupitia pale ilipochanika, hazitoki tena. Kila dereva anapojigeuza, nailoni inazisugua kwenye kitambaa. Umetengeneza msasa na umemkalisha mtu juu yake awe anausugua kutwa nzima.

Tena nailoni inateleza. Breki ya ghafla mteremkoni, dereva anasogea mbele chini ya mkanda. Hilo silirefushi.

Kuna nailoni nyingine, zile zenye gundi: kwenye kizingiti cha mlango, kwenye pambo la gia, kwenye kioo cha redio. Hizo nazo watu wanaziacha mpaka jua linaioka gundi. Kigoma ipo karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, jua linapita utosini kabisa mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, na miezi mingine haliendi mbali. Gundi ikishaokwa, karatasi inatoka vipandevipande na gundi inabaki. Namna ya kuitoa: liache gari juani kama nusu saa, inua pembe moja kwa kucha, vuta polepole huku ukiilaza karatasi karibu na uso wa plastiki, usiivute kuelekea juu. Gundi iliyobaki ipake mafuta ya kula kwa kitambaa, subiri dakika kumi, futa, kisha osha kwa sabuni. Thina usiiguse. Inayeyusha plastiki, na plastiki iliyoyeyuka haina fundi.

Sasa mtu mwerevu ananiuliza: "Sasa fundi, na hizo kava unazoshona wewe si zilezile tu? Nazo si zinafunika?" Swali zuri, na jibu lake mafundi wengi hawapendi kulitoa. Ndiyo, kava nayo inasugua. Turubai linapitisha vumbi laini katikati ya nyuzi zake. Reksini, ile ngozi ya bandia ya plastiki, hailipitishi, lakini inabeba joto na jasho, na vumbi linaingilia pembeni. Kava isiyovuliwa mwaka mzima inaharibu siti karibu sawa na nailoni, tofauti ni kwamba inapendeza. Ndiyo maana nikisikia fundi anasema "nikikushonea hii umemaliza," nataka kucheka. Kava ni kitu cha kuvuliwa, kukung'utwa, kufuliwa na kurudishwa. Kiangazi, gari linalokula vumbi kila siku, livue kila mwezi. Masika unaweza kwenda miezi miwili, ila zikilowa unavua siku hiyohiyo.

Turubai au reksini? Hapa mimi mwenyewe huwa nabadilika. Gari la watu wanaopanda na kushuka mara arobaini kwa siku, mafundi umeme, wagavi wa bia, nawapa turubai zito la pamba: halitelezi, linapumua, linavumilia bisibisi iliyosahauliwa mfuko wa nyuma. Gari la mawese au dagaa nalipa reksini, kwa sababu kilichomwagika kinafutwa juujuu. Tatizo ni kwamba mafuta yanaisumbua reksini pia. Mafuta yanakaa yakivuta taratibu kile kilainishi kilichomo ndani yake, na baada ya muda inakuwa ngumu, kisha inapasuka. Angalia reksini ya mlangoni pale kiwiko cha dereva kinapokaa: inaanza kupasuka hapo kabla ya kwingine, kwa mafuta ya ngozi tu. Kwa hiyo hata kwenye reksini mawese hayaachwi mpaka kesho.

Kwa siti mbili za mbele utahitaji mita 4 mpaka 5 za kitambaa cha upana wa mita 1.4, ukihesabu na kiraka cha kuongezea juu ya tuta la ubavu wa dereva. Kiraka hicho usikiache, ndicho kinachokufa badala ya kava nzima. Uzi uwe wa poliesta mnene. Uzi wa nailoni una nguvu lakini jua linaumaliza mapema. Sindano namba 18. Hatua ya mshono milimita 4. Mafundi wa nguo wakishonea reksini wanaweka milimita 2 kwa mazoea ya mashati, na reksini inatobolewa kama karatasi ya stempu. Mtu akikaa kwa nguvu inachanika kwa kufuata mshono, kisha lawama zinapewa uzi.

Na kabla hujampa mtu yeyote siti yako aishone, angalia ubavu wa mgongo wa siti, upande wa mlango. Ukikuta kilebo kidogo kimeandikwa SRS AIRBAG, ndani kuna eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigongwa. Unatokea hapo, kwa kupasua mshono wa siti. Ukiufunika kwa turubai zito lililoshonwa mara mbili, umeufungia ndani. Kuna kava za viwandani zenye mshono maalumu dhaifu uliojaribiwa. Mimi na cherehani yangu hatuna mahali pa kujaribia hilo, kwa hiyo upande huo nauacha wazi kabisa, na mteja akinung'unika kwamba haipendezi, anung'unike.

Hilohilo linahusu zulia la manyoya juu ya dashibodi. Upande wa dereva na katikati sina ugomvi nalo, linakinga jua kweli, mradi likung'utwe. Upande wa abiria, kama dashibodi ina eabegi, zulia lisipite juu yake.

Dashibodi ina adui mwingine, naye anaitwa kijana wa kuoshea magari. Anapitisha kitambaa kikavu juu ya vumbi, shwaa shwaa, halafu anapaka dizeli ing'ae. Yale mawingu kwenye kioo cha saa ya mwendo, yanayoonekana jua likipiga kwa ubavu, ndiyo kazi ya kitambaa kikavu. Dizeli nayo inafanya plastiki inate, vumbi la kesho linaganda hapo, na ikigusa mipira ya milango inaivimbisha mpaka inalegea. Mpira ukilegea, vumbi linapata njia ya kuingilia. Polishi za silikoni wapo wanaoapa kwamba zinaua plastiki, wapo wanaoapa kwamba zinaiponya. Nimeona dashibodi zilizopona na zilizopasuka, zote zikipakwa polishi ileile, kwa hiyo sigombani na mtu. Ninachokataa ni mng'ao wake kwenye kioo cha mbele saa kumi jioni, na mjinga anayeipaka kwenye usukani na pedali.

Kufuta kwenyewe si kazi kubwa. Brashi ya rangi ya inchi mbili, laini, unasukuma vumbi kutoka juu kwenda chini huku milango iko wazi. Kitambaa kilicholoweshwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo, kikamuliwe, kipite bila kukandamizwa, kigeuzwe upande kila baada ya pigo mbili tatu. Kitambaa kingine cha maji matupu. Upepo wa kompresa sitaki kuusikia: unalihamisha vumbi kutoka juu ya dashibodi kwenda ndani ya swichi na matundu ya hewa.

Madoa yana kanuni moja ambayo watu wanaigeuza. Maji ya dagaa wabichi yanatolewa kwa maji ya baridi. Ukianza na ya moto unaipikia siti ule ute wa samaki na harufu inahamia humo. Mawese yanatolewa kwa maji ya uvuguvugu, maana yakipoa yanaganda. Kwangua kwanza kwa kijiko, nyunyiza unga wa muhogo unyonye, uache nusu saa, ukung'ute, ndipo sabuni ya vyombo na uvuguvugu, ukigonga kwa kitambaa bila kusugua. Rangi ya chungwa itakayobaki usiipigane nayo. Ianike juani siku moja au mbili. Rangi ya mawese haivumilii jua, inafifia yenyewe. Jua letu nalo angalau lifanye kazi moja ya maana.

Chumvi ni habari ya sakafuni. Gunia likivuja ndani ya kabini, punje zinaingia chini ya mpira wa kukanyagia, zinavuta unyevu hewani na kulila bati usiku na mchana. Chini ya ule mpira wa kiwandani kuna tabaka nene la kuzuia kelele, linakunywa maji kama dodoki. Juu panakauka, chini pamelowa mwezi mzima. Fungua skrubu za kizingiti, inua ukingo, chomeka kipande cha mbao, acha milango wazi juani kutwa. Kuna vizibo vya mpira kwenye bati la sakafu vya kutolea maji. Ukivitoa uvirudishe vyote, maana tundu moja lililo wazi linavuta vumbi la barabarani kama bomba.

Na kwenye vumbi, usifunge hewa ya nje. Pandisha vioo, fungua hewa ya nje, feni namba 2: kabini inajaa hewa na vumbi linasukumwa nje kwenye mianya. Funga tu ukiwa nyuma ya lori, halafu fungua tena. Kama gari lako lina kichujio cha hewa nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria, kikague, mara nyingi kimeshakuwa tofali.

La mwisho ni mpira juu ya mpira. Watu wanatandika mati ya pili, ya tatu, wakidhani kila tabaka ni ulinzi. Upande wa dereva iwe moja, imefungwa kwenye ndoano zake. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali ya mafuta mpaka mwisho, achia. Ikichelewa kurudi, au ikigusa mpira popote, mpira huo unakatwa hapohapo, gari halijatoka uwanjani.