Je, Malo Grablje kilihamwa kwa sababu ya vita?

Wageni wengi wanaofika Malo Grablje, kijiji cha mawe kisiwani Hvar nchini Kroatia, huona kuta zisizo na paa na kudhani wakazi walikimbia vita vya 1991 hadi 1995, Kroatia ilipojitenga na Yugoslavia. Dhana hiyo ina msingi: vita hivyo viliacha magofu mengi katika vijiji vya bara, hasa Lika na pande za Knin.

Ila Malo Grablje kilikuwa kitupu tangu miaka ya 1960. Mwishoni mwa karne ya 19 filoksera, mdudu anayeshambulia mizizi ya mizabibu, alianza kuangamiza mashamba ya Dalmatia, eneo la pwani na visiwa ambamo Hvar kimo, na familia nyingi za visiwani zikavuka bahari kwenda Amerika. Waliobaki kijijini walishuka pole pole hadi Milna, ghuba iliyo chini yao, penye bahari na, baadaye, watalii. Hakuna aliyewafukuza.

Kuhakikisha si kazi kubwa. Takwimu za sensa za kijiji kwa kijiji tangu 1857 zinapatikana mtandaoni. Tazama idadi ilianza kushuka muongo gani. Kwa kijiji kingine chochote, soma pia miaka iliyochongwa makaburini, na uangalie unene wa miti iliyoota ndani ya vyumba, ingawa hicho ni kipimo cha kukadiria tu.