Kuchamba: kopo, karatasi au waipsi?

Kuchamba ni neno ambalo hulitamki mbele ya wakwe, ingawa nao walichamba asubuhi kabla hujafika. Maana yake ni kujisafisha baada ya haja, hasa haja kubwa, na kwa mtu wa pwani neno hilo lina maji ndani yake. Mwambie bibi yangu wa Tanga kwamba umechamba kwa karatasi, atakuuliza umechambaje sasa, maana kwake karatasi inapangusa tu. Wenye kutaka adabu zaidi, na masheikh katika darasa za fikihi, husema kustanji, kutoka Kiarabu istinja. Ukienda bara, na zaidi ukivuka kwenda Nairobi, utasikia kujipangusa au kujipanguza, na hapo kinachowaziwa ni karatasi. Kwa hiyo lugha yenyewe ilishatugawa zamani: kuna watu wa kuosha na kuna watu wa kufuta.

(Mitaani kumchamba mtu ni kumsema hadharani mpaka akose pa kuweka uso. Mashabiki wa taarabu wanaijua vizuri maana hiyo, lakini leo tubaki chooni.)

Waipsi, au tishu za maji kama wauzaji wengi wanavyoziita, zimeingia katikati ya kambi hizo mbili zikidai ni za kote kote: zina umajimaji wa kopo na zinashikika kama karatasi. Dai hilo ndilo limenikalisha kuandika. Kila nikiliangalia naona waipsi ni kitambaa tu kilicholoweshwa, na matatizo yake karibu yote yanatokana na sisi kusahau kwamba ni kitambaa.

Ugomvi wa maji na karatasi ni wa kale kuliko choo cha kuflashi. Karatasi ilianza kazi hii China. Mwishoni mwa karne ya 6 mwanazuoni Yan Zhitui aliandika kwamba karatasi yenye maneno ya vitabu vitukufu au majina ya wahenga hathubutu kuitumia chooni, nawe unaelewa kwamba nyingine zilitumika bila wasiwasi. Kisha katika maelezo ya Kiarabu ya mwaka 851 kuhusu nchi za China na India, Wachina wanalaumiwa kwamba hawajali usafi, kwani wakimaliza haja hawajioshi kwa maji, wanajifuta kwa karatasi basi. Maneno hayo unaweza kuyasikia leo Kariakoo, mtu aliyetoka Ulaya akisimulia vyoo vya huko, wala hayajabadilika.

Hata hivyo waliosisitiza maji hawakuwa na maji kila mahali. Ndiyo maana fikihi inaruhusu mawe, yasipungue matatu, na inakataza mfupa na kinyesi kikavu cha mnyama. Mkono ni wa kushoto. Ule mwingine jina lake linajieleza: mkono wa kulia ni wa kulia chakula. Vijijini kwetu jani lilifanya kazi hiyo, na gunzi la mahindi pia. Gunzi hilohilo lilitumika kwenye mashamba ya Marekani, pamoja na almanaki ya wakulima iliyotobolewa tundu kwenye kona ili itundikwe msalani, ukurasa mmoja baada ya mwingine.

Huko Marekani ndiko karatasi ya chooni ya kisasa ilipofanywa bidhaa. Mwaka 1857 Joseph Gayetty wa New York alianza kuuza karatasi zilizotiwa mshubiri, zikiwa bapa kwenye pakiti, 500 kwa senti 50, huku kila moja ina jina lake ndani kama noti. Alizitangaza kuwa dawa ya kuzuia bawasiri. Mwaka 1891 Seth Wheeler wa Albany alipata hataza ya karatasi ya kuviringisha yenye vitundu vya kukatia, na mchoro wake unaonyesha ncha ya karatasi ikining'inia kwa mbele, jambo ambalo watu bado wanagombana nalo. Waipsi zenyewe hazikuzaliwa chooni. Mmarekani mwingine, Arthur Julius, alizitengeneza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya mikono, na mwaka 1963 zikaanza kugawiwa kwa wateja wa Kentucky Fried Chicken wapate kufutia mafuta ya kuku.

Sasa tuzitazame bidhaa zenyewe.

Mwezi uliopita nilichukua chupa mbili tupu za jemu, nikazijaza maji nusu. Ya kwanza nikatia vipande vinne vya toileti pepa ya kawaida, ile ya bei ndogo inayouzwa moja moja dukani. Ya pili nikatia waipsi moja kutoka pakiti iliyoandikwa kwamba unaweza kuiflashi. Nikafunga vifuniko, nikatikisa kila chupa nikihesabu hadi thelathini. Ya kwanza ikawa uji mwepesi mweupe, kama uji wa mgonjwa. Ya pili ilikuwa na waipsi yake, nzima, imejikunja kona kama samaki aliyekasirika. Nikaziweka dirishani.

Karatasi ya chooni imetengenezwa kwa nyuzi fupi za mti zilizoshikana kwa vifungo vidogo sana vya haidrojeni. Ikiwa kavu vifungo hivyo vinatosha. Maji yakiingia yanakaa katikati ya nyuzi, kila uzi unamwachia mwenzake, karatasi inasambaratika. Imekusudiwa hivyo. Serviete ya hotelini na karatasi ya kufutia jikoni zinafanana nayo kwa macho lakini zimetiwa resini ili zikilowa zisichanike, kwa hiyo anayekosa toileti pepa akatumia serviete na kuiflashi anatengeneza uzibe bila kujua.

Waipsi hutengenezwa kwa nyuzi ndefu zaidi, mara nyingi viskozi, yaani nyuzi zitokanazo na mti, iliyochanganywa na poliesta, ambayo ni plastiki. Hazifumwi kama kanga. Miale myembamba ya maji yenye kasi kubwa inazipiga nyuzi mpaka zinasokotana. Kitu kilichosukwa kwa maji ya kasi namna hiyo hakitaogopa maji ya kopo wala ya tangi la choo. Kisha kinaloweshwa kwa majimaji: maji yenyewe, sabuni kidogo, manukato, na dawa ya kuzuia kuoza, maana pakiti yenye unyevu iliyokaa dukani miezi bila dawa hiyo ingeota ukungu.

Hiyo dawa ya kuzuia kuoza ndiyo ya kuangalia. Mojawapo iliyotumika sana huandikwa kwenye pakiti methylisothiazolinone. Ilisababisha vipele na mwasho kwa watu wengi kiasi kwamba mwaka 2013 chama cha Marekani cha madaktari wa mzio wa ngozi kiliitangaza kuwa kizio cha mwaka, yaani kitu cha kuleta mzio, na tangu 2017 Umoja wa Ulaya umeipiga marufuku kwenye vipodozi vinavyobaki mwilini bila kusuuzwa. Waipsi ni hivyo hivyo: unajifuta, unavaa, unaondoka, na dawa inabaki palepale penye joto na unyevu. Manukato nayo yana kesi yake. Mtu anawashwa, anadhani hajatakata, anaongeza waipsi, anawashwa zaidi.

Wahenga walishaliona hilo kabla ya viwanda: kuchamba kwingi, kuondoka na mavi. Kwa kawaida tunautumia kwa mtu anayechokonoa mambo hadi anayaharibu, lakini hata kwa maana yake ya wazi hauna kosa. Ngozi ya njia ya haja kubwa ni nyembamba. Ukiisugua kwa karatasi kavu mara kumi inachubuka, michubuko inashika uchafu, uchafu unawasha, nawe unarudi kusugua. Sabuni ya kipande nayo ni kali kwa sehemu hiyo. Ngozi ina asidi kidogo, pH ya 5 hivi, sabuni inaipandisha na kuikausha. Watu wengi wanaoamini wana minyoo au bawasiri kumbe wana usafi uliopitiliza. Lakini ukiona damu au uvimbe usijipe jibu mwenyewe, nenda kaangaliwe.

Ukiniuliza mimi, maji yanashinda, na sisemi hivyo kwa sababu nimekulia pwani tu. Ukikanyaga matope hufuti mguu kwa gazeti kavu ukaingia nao kitandani. Maji yanaondoa bila kusugua. Na si Waislamu peke yao wanaojua hivyo: Italia sheria ya mwaka 1975 inataka kila nyumba iwe na bide, beseni la kujioshea, Finland vibomba vya kujioshea viko bafuni kwa kila mtu, Japani kampuni ya Toto imekuwa ikiuza viti vya choo vinavyorusha maji tangu 1980. Waswahili wa Oman na Ghuba hawashangai. Huko kibomba, shatafu, kiko kila choo. Hapa kwetu kimeingia nyumba mpya nyingi, japo baadhi ya mafundi wanakifunga na presha ya kuoshea gari.

Lakini maji nayo yana masharti, na hapa watu wa kopo tunajidanganya. Kopo linaloshikwa na kila mkono na kukaa sakafuni si safi kwa sababu tu lina maji. Maji yamiminike kutoka kwenye kopo kuja kwako. Mkono uliotumika usirudi kuchota ndani ya ndoo. Mwanamke aoshe kutoka mbele kwenda nyuma, kamwe si kinyume, kwa sababu njia yake ya mkojo ni fupi, sentimita 4 hivi, na bakteria wa haja kubwa wakisogezwa mbele hawana safari ndefu kufika kwenye kibofu. Kisha kausha, maana kuvaa nguo juu ya unyevu ni kukaribisha fangasi, na hapo ndipo karatasi ina kazi nzuri kabisa: kugusisha taratibu, vipande viwili, basi. Mwisho ni mikono kwa sabuni, na hapa hakuna cha kambi. Aliyechamba kwa maji akatoka bila kunawa kwa sabuni ni hatari kuliko aliyejipangusa kwa karatasi akanawa.

Waipsi zina pahala pake. Mtoto mchanga kwenye basi la Mwanza, mgonjwa asiyeweza kuinuka kitandani, siku ambazo bomba limekauka tangu Jumatatu. Chagua zisizo na manukato, na baadaye maji yakipatikana suuza. Kwa matumizi ya kila siku ya mtu mzima mwenye bomba nyumbani, sioni sababu.

Zikitumika, ziende kwenye ndoo ya taka yenye kifuniko. Nilipokuwa nimepanga nyumba moja, vyumba sita na choo kimoja, mmoja wa wapangaji akiwa na saluni uani, choo kilianza kurudisha maji. Fundi alikuja na fito na waya, akafungua chemba, akachokonoa kidogo, kisha akaanza kuvuta kwa mikono miwili. Ilitoka kamba ya kijivu, nene kama mkono wa mtoto, waipsi zilizosokotana na nywele za saluni na kushikishwa kwa mafuta ya kukaangia tuliyokuwa tukimwaga kwenye karo. Akaiweka juu ya nyasi, akaitazama. "Jamani," akasema, "mmefungua kiwanda humu." Hakuna aliyejibu, kwa sababu kila chumba kilikuwa na pakiti yake.

London waliona kamba hiyo ikiwa kubwa. Septemba 2017, chini ya mtaa wa Whitechapel, mafundi wa mabomba ya majitaka walikuta bonge la mafuta yaliyoganda pamoja na waipsi na nepi, urefu mita 250, uzito unaokadiriwa tani 130, wakalikatakata kwa wiki kadhaa. Kipande chake kiliwekwa kwenye jumba la makumbusho la jiji. Sisi wengi wetu hatuna mtandao wa mabomba wa kuziba kiasi hicho, tuna shimo. Na shimo halisahau. Karatasi huozeshwa na bakteria pamoja na kinyesi, ila waipsi yenye plastiki inabaki, inajaza shimo kabla ya wakati wake, na gari la kunyonya majitaka likija mpira unajaa vitambaa, dereva anazima mashine na kutaka hela ya ziada. Namwelewa.

Neno la kuiflashi lililoandikwa kwenye pakiti lina ukweli mdogo: kitu kikipita kwenye tundu la choo, kimeflashika. Hata kijiko kinapita. Kinachotakiwa kujulikana ni kama kitavunjika kikifika mbele, na hilo unaweza kulipima mwenyewe kwa chupa ya jemu.

Zangu hazikudumu sawa dirishani. Ya kwanza niliimwaga siku ya nne, ilikuwa imeanza kunuka. Ya pili niliifungua jana, baada ya wiki tatu, nikaitoa waipsi, nikaikamua. Haikuwa hata na uzi uliolegea. Nikafutia vumbi la dirisha.